Ndege za kuja Dar: tunabanwa makusudi, au ndiyo ekonomi ya siku hizi?

Mtoto wa Temeke #1
Wakuu, salaam.

Nimerudi wiki hii kutoka Marekani kumwona dada yangu. Tiketi moja, shirika moja, na ndilo lililokuwa na nauli ya chini kuliko yote. Silitaji, malalamiko yangu yako mezani kwao. Kipande cha kwanza, usiku kucha juu ya bahari, nimekaa vizuri, nimelala, nimeamka na nguvu zangu. Kipande cha pili, kutoka kwenye kituo chao cha kuunganishia mpaka Dar, hakifiki hata nusu ya saa zile, lakini nimeshuka goti halinyooki. Bega langu lilikuwa juu ya bega la jirani njia nzima. Chakula tulikula kwa zamu: yeye akishusha mkono, ndipo mimi nainua uma. Skrini haiwaki. Blanketi ziliisha kabla hazijafika mstari wetu. Maji unaletewa kile kikombe kidogo cha kubandua mfuniko, ukiomba cha pili unaambiwa subiri.

Hoja yangu ni hii: ndege nzuri zinapelekwa Ulaya na Marekani, sisi tunaletewa zilizochoka kwa sababu wanajua hatulalamiki. Anayepinga aje na hoja.

Kandambili #2
Naunga mkono asilimia mia. Mimi nililipia siti ya dirishani, kufika nakuta ukuta mtupu, dirisha liko kwa wa mbele yangu. Mhudumu ananiambia kwenye mfumo imeandikwa dirishani. Hela haikurudi mpaka leo.

Fundi Bodi #3
Mkuu #1, kabla hatujaita ubaguzi, tuambie kila kipande ilikuwa ndege gani. Kadi ya usalama iliyo kwenye mfuko wa siti inaandika. Na siti zilikuwa ngapi kwa mstari?

Mtoto wa Temeke #4
Ya kwanza Airbus A350, siti tatu-tatu-tatu. Ya kuja Dar Boeing 777, tatu-nne-tatu. Sasa 777 si ndiyo kubwa zaidi? Ndiyo maana nasema ilikuwa imechoka, maana kubwa halafu inabana.

Fundi Bodi #5
Hapohapo ndipo penye jibu. Uchovu wa ndege haubani bega la mtu. Kinachobana ni hesabu ya siti.

777 ndani ina upana wa sentimita 587 hivi. Ilipoingia kazini mwaka 1995 mashirika mengi yalipanga siti tisa kwa mstari, na mtu alikuwa anakaa kwa raha. Baadaye ikaingizwa ya kumi kwenye upana uleule, na leo ndio mpango wa kawaida. Gawa 587 kwa kumi, unapata 58.7 kwa kila abiria, na hapo ndani zimo njia mbili za kupita na mikono ya siti. A350 ina 561, kwa siti tisa ni 62.3. A330 ina 528 tu, lakini mashirika mengi yanaweka siti nane, kwa hiyo kila mmoja ana 66. Umeona? Ndege pana kuliko zote hapo ndiyo inayobana kuliko zote.

Boeing 787 ina historia kama hiyo. Ina sentimita 549, na wakati inaundwa mpango uliotangazwa ulikuwa siti nane. Karibu dunia nzima wameweka tisa. Japan Airlines ndio wameshikilia nane kwenye safari zao za nje, na waliowahi kuipanda wanaisimulia hadi leo.

Bint Malindi #6
Kaka Fundi, basi tufanyie hesabu na ya 737, maana sie wa Maskati kuja Unguja ndiyo tunayopakiwa, saa tano na ushei umekaa kama dagaa kwenye pakacha.

Fundi Bodi #7
Dada, 737 ni 353 kwa siti sita: 58.8. Maana yake 777 ya siti kumi na 737 ni mulemule tu. Tofauti ni kwamba wewe ukipanda 737 unajua unapanda ndege nyembamba, mwenzako wa #1 alidhani amepanda jumba. Airbus A320 ina 370, inatoa 61.7. Ndiyo maana wanaojua wakiona nauli zinalingana wanaangalia kwanza kama ni Airbus.

Nyanda za Juu #8
Naona wote mmekimbilia upana. Mimi nina urefu unaokaribia mita mbili, kwangu vita iko miguuni. Kipimo chake ni umbali kutoka siti moja hadi ile ya mbele yake. Safari ndefu kawaida ni inchi 31 au 32. Mashirika ya nauli ya kutupa, yale ya masafa mafupi huko Ulaya na Marekani, yanashuka mpaka 28. Sasa mtu mwenye paja langu, inchi tatu ndizo zinaamua kama goti litaingia mbele au litakaa upande njiani likigongwa na toroli la chakula.

Na kuna janja nyingine hawaisemi. Siti za siku hizi ni nyembamba mgongoni, wameondoa sponji. Kwa hiyo wanasogeza mistari karibu halafu wanakwambia goti lako lina nafasi ileile ya zamani. Goti sawa, lakini makalio je? Saa mbili za mwanzo husikii kitu. Saa ya nne unaanza kukalia chuma. Mkuu #1 huenda A350 yake ilikuwa na sponji nene na hiyo 777 imevalishwa siti mpya. Si kuchoka, ni kinyume chake.

Kandambili #9
Lakini hamjajibu kwa nini ya sponji nene iende Marekani na ya chuma ije Dar.

Jirani wa Athi River #10
Habari zenu majirani. Mimi nafanya kazi ya kusafirisha parachichi na maua pale JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi, wacha niwaambie kitu ambacho abiria haoni. Ndege haichaguliwi kwa ajili ya sisi wa juu peke yetu. Inachaguliwa pia kwa ajili ya tumbo lake. 777 inabeba mzigo mwingi sana chini. Nairobi kuna maua, maharage mabichi na parachichi. Entebbe kuna minofu ya sangara. Mzigo huo unalipa kwa kilo na hauulizi blanketi. Shirika likiona njia fulani ina mzigo mzito, linapeleka ndege yenye tumbo kubwa, na wewe wa juu unapata chochote kilichomo.

Pia urefu wa uwanja kutoka usawa wa bahari unachangia. JKIA iko futi 5,330. Hewa ni nyepesi, ndege inapata shida kunyanyuka ikiwa na mafuta mengi na watu wengi. Addis iko juu zaidi, ndiyo sababu Waethiopia wakienda Washington wanatua njiani kuongeza mafuta, ila wakirudi wanakuja moja kwa moja. Kwa hiyo si kila ndege inafaa kila uwanja.

Mlandizi Kwetu #11
Jirani, la mzigo nakubali. La futi, hapana: Dar iko usawa wa bahari, pale uwanjani Kipawa ukitembea kidogo unasikia chumvi. Hiyo sababu ni ya kwenu na ya Addis, haimsaidii mtu wa Temeke.

Halafu tusiwasingizie wageni tu. ATCL (Air Tanzania) wana 787-8 yenye siti 262. Kenya Airways wana 787-8 hiyohiyo yenye siti 234. Watu 28 zaidi ndani ya bodi moja! Sisi wenyewe tunabanana.

Fundi Bodi #12
Mlandizi, namba zako ni sahihi ila umezisoma haraka. Kenya Airways wana siti 30 za daraja la biashara, ATCL wana 22. Siti ya biashara inakula eneo la siti kadhaa za ekonomi, kwa hiyo jumla peke yake haikwambii nani amebana nani. Mpango wa siti za ekonomi kote kuwili ni tisa kwa mstari, tatu-tatu-tatu. Usimhukumu mtu kwa jumla, hesabu mstari.

Mutu wa Katanga #13
Jambo ba ndugu. Sisi wa Lubumbashi tunapitia Addis, halafu tunaendelea na Bruxelles. Mimi naona shida si siti, ni saa za safari. Ndege za kuja Afrika nyingi zinapangiwa usiku wa manane ama mapema sana. Umeshinda saa sita kwenye benchi ya chuma unangoja kuunganisha, miguu imevimba tayari, ndio unaingia kwa ndege ya pili. Hata wakikupa siti ya mufalme utashuka unalia. Ndugu #1 atuambie alingoja saa ngapi pale katikati.

Mtoto wa Temeke #14
Nilingoja usiku mzima, ndugu. Sakafuni, begi kichwani. Kwa hilo huenda una hoja. Ila bega la jirani sikuliota.

Mwanahawa wa Gatwick #15
Umeangalia kwenye tiketi kama ndege ilikuwa yao? Kuna mambo ya kukodi ndege pamoja na marubani na wahudumu wake. Tiketi inaandikwa kwa maandishi madogo "inaendeshwa na" fulani. Tangu injini zianze kusumbua dunia nzima, hili limezidi. Rolls-Royce Trent 1000 zililaza 787 nyingi chini, na Pratt & Whitney zikalaza ndege ndogo, mnakumbuka Airbus A220 za ATCL zilivyokaa chini mwaka 2022. Shirika likipungukiwa linakodi popote. Ndege ya kukodi ndiyo yenye skrini mbovu na siti za rangi tatu tofauti.

Mtoto wa Temeke #16
Sare za wahudumu zilikuwa zilezile na nembo ileile. Lakini rangi za siti hazikulingana, sasa umenitia shaka. Ngoja niitafute tiketi.

Babu wa Gatini #17
Vijana, mnazungumza kana kwamba kubana kumeanza jana. Mwaka 1977 Mwingereza Freddie Laker alianzisha safari za ndege za nauli nafuu, Skytrain, kutoka Gatwick kwenda New York kwa pauni 59 kwenda tu. Hakuna kuweka nafasi mapema, unapanga foleni, chakula unalipia. Watu walimpenda. Mwaka 1982 akafilisika. Wamekuja wengine nyuma yake. AirAsia X walikuwa wakiruka Kuala Lumpur hadi London kuanzia 2009, wakaacha 2012. WOW ya Iceland ilikufa Machi 2019. Norwegian waliacha safari za masafa marefu Januari 2021.

Kwa nini wanakufa? Masafa mafupi, shirika la nauli nafuu linapata faida kwa kugeuza ndege haraka. Ryanair wanalenga dakika 25 ndege inatua, inashusha, inapakia, inaondoka. Siku moja inafanya safari nyingi kuliko ya mwenzake. Masafa marefu ujanja huo haupo, kwa sababu hata shirika kubwa ndege yake tayari iko angani sehemu kubwa ya siku. Mafuta wote wananunua kwa bei zinazokaribiana. Marubani wote lazima walale hoteli huko waendako. Sasa utakata wapi? Unabaki na siti, mzigo, chakula na blanketi.

Na mashirika makubwa yalipoona hivyo, yakaiga. Leo unanunua tiketi ya shirika lenye jina kubwa, inaitwa "nyepesi", kumbe haina begi la buti, haina kuchagua siti, haibadilishwi. Jina ni la zamani, huduma ni ya Laker bila nauli ya Laker. Hilo ndilo linaloniudhi mimi.

Kandambili #18
Babu hapo umemaliza. Ile "nyepesi" ilimtoa machozi shemeji yangu. Amefika kaunta na mabegi mawili ya zawadi, anaambiwa tiketi yako ni ya begi la mkononi tu. Alilipa hapo kaunta karibu nusu ya nauli.

Bint Malindi #19
Na usisahau wengi wa wanaotoka huku Afrika bado wanatoa mabegi mawili ya kilo ishirini na tatu. Mwanao akikukatia tiketi kutoka Ulaya kwa simu, anakamata ya bei ndogo, hajui kwamba bibi yake anasafiri na mashelisheli na boflo za watu kumi. Mtizame mzigo kwanza, nauli baadaye.

Nyanda za Juu #20
Babu, inasimuliwa kuwa mwaka 1987 bosi wa American Airlines, Robert Crandall, alitoa zeituni moja kwenye kila saladi ya daraja la kwanza, akaokoa dola 40,000 kwa mwaka. Hiyo ni daraja la kwanza. Ekonomi wametoa mangapi hatujui.

Mwanahawa wa Gatwick #21
Chakula chenyewe hata wakikipika vizuri utakiona hakina chumvi. Hewa ya ndani ni kavu mno na kelele za injini hazikatiki. Shirika la Lufthansa liliwaagiza watafiti wa taasisi ya Fraunhofer ya Ujerumani wachunguze kwa nini abiria wanakunywa juisi ya nyanya kwa wingi angani, ikaonekana chumvi na sukari vinafifia mdomoni ukiwa juu, ladha ya nyanya inabaki. Mimi nabeba kachumbari kavu ya pilipili kwenye kikopo. Wali wao wa mvuke nikiunyunyizia, jirani ananiomba.

Kandambili #22
Ndio nyie mnaotufungulia vikopo kwenye ndege tunapiga chafya mstari mzima!

Mwanahawa wa Gatwick #23
Pilipili haijamuua mtu. Anayefungua dagaa ndiye tumshitaki.

Muuguzi wa Kilombero #24
Ndugu zangu turudi kwenye goti la mkuu #1, maana mnacheka na mimi nasoma kwa wasiwasi. Mguu unaouma mmoja tu baada ya safari ndefu si wa kuachia. Ukiwa umevimba, una joto, unauma kwenye nyama ya nyuma ya mguu chini ya goti, nenda hospitali leo, usisubiri. Damu inaweza kuganda kwenye mshipa, na bonge likikatika likafika kwenye mapafu linaweza kuua. Ukianza kubanwa kifua au kukosa pumzi, hiyo ni dharura.

Shirika la Afya Duniani (WHO) walitoa matokeo ya utafiti wao mwaka 2007: ukisafiri saa nne au zaidi umekaa, hatari hiyo huongezeka karibu mara mbili. Bado ni ndogo, kama mtu mmoja kati ya 6,000. Lakini hupanda kwa mjamzito, aliyetoka kufanyiwa upasuaji, mnene, anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango. Na warefu kuliko mita 1.90 wamo, Nyanda za Juu nakuona. Wafupi chini ya mita 1.60 nao wamo, kwa sababu ukingo wa siti unawakaba nyuma ya goti na miguu haifiki sakafuni.

Mlandizi Kwetu #25
Kwa hiyo ni siti za ekonomi ndizo zinaua.

Muuguzi wa Kilombero #26
Hapana, soma tena. Ni kukaa bila kusogea. Utafiti uleule unahusu basi, treni na gari pia. Dar hadi Mwanza kwa basi ni hivyohivyo. Siti inayobana inachangia kwa sababu unaona aibu kumwamsha jirani utoke. Chezesha vifundo vya miguu, simama, kunywa maji. Soksi za kubana zinasaidia walio kwenye hatari, ila uliza kwanza anayekuhudumia, hasa mwenye kisukari.

Mtoto wa Temeke #27
Asante muuguzi. Mimi ni goti lenyewe mbele, halijavimba, lakini kesho nitapita zahanati.

Wakili wa Njiapanda #28
Kwa ufupi kuhusu kulipwa, maana naona watu wanasikitika tu. Kubanwa hakuna fidia. Marekani Bunge lao mwaka 2018 liliagiza mamlaka ya anga iweke kipimo cha chini cha siti kwa ajili ya usalama, mpaka sasa hakuna inchi iliyotangazwa. Lakini kuchelewa na mzigo vina sheria.

Mzigo ukiharibika, andika malalamiko ndani ya siku 7 tangu uupokee. Ukichelewa, ndani ya siku 21 tangu ufike mikononi mwako. Huo ni Mkataba wa Montreal, Tanzania na Kenya zimo. Kikomo cha fidia ya mzigo tangu mwisho wa 2024 ni SDR 1,519 (SDR ni kipimo cha fedha cha kimataifa), ambayo ni kama dola elfu mbili. Ndege ikichelewa kufika kwa saa tatu au zaidi, safari ya zaidi ya kilomita 3,500, sheria ya Ulaya inatoa euro 600.

Jirani wa Athi River #29
Kumbe! Basi sisi wote tuliochelewa kutoka Nairobi tudai?

Wakili wa Njiapanda #30
Si wote. Ukitoka Ulaya, shirika lolote linabanwa, hata la Ghuba. Ukitoka Nairobi au Dar kwenda Ulaya, linabanwa shirika la Ulaya tu. Mahakama ya Ulaya iliamua hivyo mwaka 2008 kwenye kesi ya abiria wa Emirates aliyekwama akirudi kutoka Manila: safari ya kurudi inahesabiwa peke yake. Kwa hiyo tiketi ileile, kurudi huna haki uliyokuwa nayo kwenda. Na euro 600 inaweza kupungua nusu kama kuchelewa hakujafika saa nne.

Kandambili #31
Sasa si ndiyo hoja ya #1 hiyo? Wakitoka kwao wanaogopa sheria, wakija kwetu hawaogopi kitu. Ndege mbovu wataileta kwenye njia yenye fidia ndogo.

Fundi Bodi #32
Mkuu, sheria ya kuchelewa haiamui siti. Hizo siti kumi za 777 zinaruka London na New York vilevile.

Babu wa Gatini #33
Fundi, nakubali siti. Lakini blanketi na skrini sikubali. Vitu vidogo hivyo anaamua mtu ofisini, njia kwa njia. Kandambili hajakosea kila kitu.

Tukuyu Damu #34
Samahani kuingilia. Mama yangu anakwenda kwa dada Houston kulea mjukuu. Ana miaka 71, anaongea Kinyakyusa na Kiswahili tu, na atabadilisha ndege mara moja. Hofu yangu si siti, ni pale katikati. Mnashauri nini?

Bint Malindi #35
Muombee kiti cha magurudumu. Sie wote bibi zetu ndivyo wanavyovuka. Hulipi kitu. Anapokelewa mlangoni mwa ndege, anasukumwa mpaka mlango wa ndege ya pili, hasomi kibao hata kimoja. Waambie shirika siku mbili kabla, usingoje kaunta.

Muuguzi wa Kilombero #36
Dada, kama mama anatembea vizuri mimi singemwombea kiti. Nimeona wagonjwa wa kweli wakingoja viti virudi, vimejaa watu wazima wenye afya. Kuna msaada wa kuongozwa kwa miguu, mwulize wakala. Mashirika mengine yanatoza, mengine bure. Na kwa umri wake, kutembea katikati ya safari ndiyo dawa.

Bint Malindi #37
Muuguzi, kiwanja kile kikubwa, mageti mia, saa moja tu ya kuunganisha, na mama hajui lugha. Kiti ni haki yake. Miaka sabini na moja si kijana.

Tukuyu Damu #38
Nimeelewa pande zote. Saa za kuunganisha ni tatu. Nimemchagulia siti ya korido, A330, ile ya nane kwa mstari kama alivyosema Fundi. Upande wa watu wawili.

Fundi Bodi #39
Umechagua vizuri. Mwandikie karatasi kwa Kiingereza yenye jina lake, namba ya ndege ya pili, jina la mji na namba ya simu ya dada, aishike pamoja na pasipoti. Na ukikaribia siku ya safari ingia tena kwenye tiketi uangalie. Wakibadilisha ndege siti uliyochagua inaweza kuhama bila wewe kuambiwa.